Mlima wa Chunya unavyowaumbua mabingwa wa lami

Kuna watu wana magari, na kuna watu wana kelele. Mjini huwezi kuwatofautisha kirahisi, kwa sababu kwenye lami iliyonyooka hata mkweche ukikanyagwa mafuta mpaka chini unanguruma, na waliokaa kijiweni wanageuza shingo. Kama unataka kujua nani ni nani, msomaji wangu, huna haja ya saa ya kupimia mbio. Mwambie huyo bwana mwenye sifa akupeleke Chunya.

Kwa wasiopajua, Chunya ni mji wa dhahabu na tumbaku, kaskazini mwa Mbeya, kilometa 72 tu kutoka mjini. Sasa hivi ni lami tupu, iliyotandikwa kwenye miaka ya 2010. Kabla ya hapo ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika, na wenyeji wanakwambia kuna siku ulikuwa unaondoka Mbeya umenyoa unafika Chunya una ndevu. Lami imeondoa vumbi na imeondoa utelezi. Kitu kimoja haikuondoa, nacho ni mlima.

Huo mlima ndiyo habari yenyewe. Mbeya mjini tayari ni juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Barabara ya Chunya ikishatoka mjini inaanza kukwea safu ya milima ya Mbeya, upande wa ile Loleza ambayo kilele chake kina mita 2,656, na huachi kupanda mpaka umepita mita 2,400. Halafu inakutupa chini upande wa pili, kwenye joto na miti ya miombo. Yaani asubuhi moja gari linaonja baridi ya juu kabisa na jua la Chunya, kabla hujamaliza hata chupa ya maji uliyonunua stendi.

Mimi nilipanda mwezi wa saba, ambao Mbeya ni mwezi wa kuvaa masweta mawili. Lifti nilipewa na mzee mmoja dereva, ambaye ameniomba nisimwandike jina, ati wateja wake wakilisoma watamwongezea mzigo bila kumwongezea hela. Gari lake ni Peugeot 504 pikapu, ile ambayo watu wetu wanaiita Pijo. Wafaransa walianza kuuza 504 mwaka 1968, na pikapu yake ikaja 1979. Hii ya mzee rangi yake ya kiwandani huwezi kuijua tena, lakini injini ikiwa inawaka unaweza kuweka sarafu juu ya kifuniko na isianguke. Nyuma alikuwa amepakia mipira ya maji na pampu za wachimbaji.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Ingia, lakini usibamize mlango. Hiyo gari ni mtu mzima mwenzangu."

Kabla hatujaondoka Mwanjelwa alifungua boneti, akatoa bisibisi mfukoni, akagusa skrubu moja ya kabureta, akasikiliza, akagusa tena. Sailensa ikashuka, ikatulia. Nikamwuliza anafanya nini, akanijibu, "Naiaga Mbeya."

Sasa hapa inabidi tusimame kidogo, maana wasomaji wengi wa ukurasa huu wana magari ya kisasa ya EFI, yanayopangiwa mafuta na kompyuta, na kabureta wameisikia kwa wajomba zao. Kabureta ni kama mpishi wa injini. Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye silinda. Hewa inavutwa na pistoni, inapita kwenye koo jembamba la kabureta, na ikipita pale kwa kasi inanyonya petroli kupitia kijitundu kidogo kinachoitwa jeti. Petroli inatawanyika kama manyunyu na kuingia kuungua. Basi. Hakuna waya wala kompyuta.

Na kama ugali, uchanganyaji una kipimo chake. Kilo moja ya petroli inataka kilo 14 na ushei za hewa ili iungue yote. Ukizidisha petroli, gari linatoa moshi mweusi, linakohoa, linakunywa mafuta kama halina mwenyewe, na plagi zinajaa masizi. Ukipunguza petroli mno, gari linakuwa jepesi kwa muda, unafurahi, kumbe ndani kunawaka moto mkali kupita kiasi na pistoni inaungua. Kwa hiyo fundi wa kabureta anatembea juu ya ukuta mwembamba, huku masizi, huku moto.

Ubaya wa mpishi huyu ni kwamba hana macho. Anapima hewa kwa ujazo wake, hajui uzito wake. Na hewa, msomaji wangu, haina uzito sawa kila mahali. Ukiwa Dar, pwani, hewa imeshindiliwa. Ukifika Mbeya mjini umebaki na asilimia 85 hivi ya uzito ule. Ukifika juu kule kwenye barabara ya Chunya, mita 2,500, imebaki asilimia 78. Kabureta inaendelea kumimina petroli karibu kama ilivyozoea, lakini hewa ya kuiunguzia haipo. Ndiyo maana gari la Dar likija Mbeya linaanza kunuka petroli, na mwenyewe anakimbilia kununua plagi mpya. Plagi hazina kosa, jamani.

Mafundi wa zamani walilijua hili bila kwenda chuo kikuu. Kwenye kabureta za Solex, ambazo Pijo nyingi zilikuja nazo, jeti imeandikwa namba, na namba ile ni upana wa tundu kwa mia ya milimita. Jeti ya 130 ina tundu la milimita 1.30. Ukipiga hesabu, gari lililokuwa linakwenda vizuri Dar na jeti ya 130, Mbeya linataka 125. Tofauti ya unywele! Lakini unywele huo ndio unaotenganisha gari linalopanda na gari linalosukumwa.

Tukaondoka. Mji ukabaki chini, bati zake zinang'aa kama samaki waliomwagwa. Tukaingia msitu wa Kawetere, misonobari imesimama kwa mistari kama wanafunzi mstarini, ukungu unatembea katikati yake. Mzee akarudisha gia mpaka ya pili. Hakukanyaga mafuta mpaka chini hata mara moja. Nikaona malori yanapanda taratibu mbele yetu, na nikaona Noah moja imesimama pembeni imefungua boneti, mvuke unatoka, abiria wamejifunika khanga wanaota jua.

"Hao nao vipi?" nikauliza.

"Wamechemsha. Huku juu maji yanachemka mapema," mzee akasema.

Nilidhani ni masihara ya kizee. Kumbe ni kweli. Pwani maji yanachemka kwenye nyuzi 100, lakini kwenye mita 2,500 yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi. Rejeta yenye kifuniko kizima inayazuia kwa mgandamizo wake, ila kama mpira wa kifuniko umechoka, mlima unakuumbua hapo hapo. Wenyeji wa huku wanalijua hilo jikoni, maana maharage ya milimani yanakula kuni kuliko ya bondeni.

Nikiwa nimekaa pale kwenye kiti cha Pijo nikawa nawaza habari moja ya Marekani. Kule kuna mchezo wa magari unaitwa dragi. Magari mawili yanasimama sambamba, taa inawaka kijani, yanatimka moja kwa moja, hakuna kona, mita 402 basi, ambayo ni robo ya maili yao. Miaka ya 1960 viwanda vyao vilianza kuuza madukani magari ya kufanyia hivyo, yale wanayoyaita magari ya misuli: mwili wa gari la kawaida la familia, injini ya kutisha. Pontiac GTO ya 1964 ulikuwa unaweza kuinunua na kabureta tatu juu ya injini moja. Injini ya Hemi ya magari ya Dodge na Plymouth, mwaka 1966, ilikuwa ya lita 7 na kabureta mbili, kila moja ina makoo manne. Na Chevrolet wakatoa Chevelle SS 454 ya mwaka 1970, lita 7.4, kabureta moja kubwa ya Holley, nguvu za farasi 450 kwa hesabu ya kiwanda. Kaburi la petroli!

Vijana wengi wakiona picha za magari hayo wanabeba somo moja tu kichwani: kabureta kubwa, mbio kubwa. Lakini waulize waliokuwa wanashindana Bandimere. Huo ulikuwa uwanja wa dragi nje ya mji wa Denver, jimbo la Colorado, ulifunguliwa 1958 na ukafungwa 2023. Uwanja ule ulikuwa kwenye mita 1,770 hivi. Unaona? Ni kama Mbeya mjini! Gari la farasi 450 lililopimwa usawa wa bahari, likipelekwa pale lilikuwa linapoteza farasi 65 mpaka 70 kabla halijaondoka kwenye mstari, kwa sababu ya hewa tu. Wenye akili walikuwa wanafika na kiboksi cha jeti, wanatoa kubwa wanaweka ndogo. Na chama chao cha dragi, NHRA, kina hesabu zake za kurekebisha muda kwenye viwanja vya juu, ili dereva wa mlimani asionekane mzembe mbele ya dereva wa pwani. Kwa hiyo wakubwa wa mchezo wenyewe wanakubali: hakuna kabureta bora ya dunia nzima. Kuna kabureta inayofaa mahali.

Na sisi tunao mabingwa wetu pia, tusijidharau. Safari Rally ya mwaka 1966 na ya 1967 ilichukuliwa na dereva aliyekuwa anaishi Dar es Salaam, Bert Shankland, na msoma ramani wake Chris Rothwell, wakiendesha Peugeot 404. Siku zile mashindano yalikuwa yanapita nchi zote tatu za Afrika Mashariki, kutoka joto la chini mpaka baridi ya milimani. Na gari lao, sikiliza vizuri, lilikuwa 404 ya kupuliza mafuta kwa pampu, halikuwa na kabureta. Nilipomwambia mzee hayo alicheka mpaka akakohoa. "Si unaona? Hata wao walikimbia hiyo shida. Sisi tumebaki nayo."

Tukafika juu. Kuna mahali pembeni mwa barabara ardhi inakatika ghafla, na chini yako, mbali kabisa, umetandazwa uwanda wa Usangu. Wazungu walipaita Mwisho wa Dunia, na ukisimama pale na upepo ule unakubali hawakukosea sana. Mzee akaegesha, akaweka jiwe kwenye tairi. Injini ilikuwa inaunguruma kwa shida kidogo, kama mtu aliyepanda ngazi, lakini haikuzimika.

Hapo ndipo tulipomkuta kijana wa bodaboda. Pikipiki ameilaza kwenye stendi, jasho linamtoka kwenye baridi ile, anapiga kiki, haiwaki. Abiria wake, mama mmoja na magunia yake mawili madogo ya viazi, amekaa pembeni kimya. Mzee hakumwuliza kitu kwanza. Alichukua spana ya plagi, akafungua, akatoa plagi. Nyeusi tititi, imelowa.

"Umegusa jeti?"

"Nimeipanua kidogo tu, mzee."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inakosa nguvu mlimani. Nikaambiwa niiongezee mafuta."

"Nani kakwambia?"

Kijana akanyamaza. Baadaye akasema kuna mshikaji wake ana kabureta ya pikipiki kubwa, amefunga kwenye yake, kijiweni inavuma balaa, na yeye hela ya kununua kabureta hakuwa nayo, akatumia sindano kupanua tundu.

"Mwanangu," mzee akamwambia, "huyu pumzi imemwishia, wewe unamwongezea chakula. Atakufa amevimbiwa."

Yule mama kwa mara ya kwanza akacheka.

Mzee akafuta plagi kwa kitambaa, akaipitisha brashi ya waya. Kisha akafungua kifuniko cha juu cha kabureta, akatoa ile sindano ndefu inayopanda na kushuka ndani yake, akahamisha kipini chake ngazi moja kwenda juu. Ukipandisha kipini, sindano inashuka, na petroli inapungua. Kazi ya dakika kumi. Kiki ya pili ikawaka. Moshi ukatoka mweusi, ukawa wa kijivu, ukapotea.

Kijana alitaka kutoa hela, mzee akakataa. Ila akamshika bega akamwambia maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike makala hii. "Unakwenda wapi?" Akasema Chunya, halafu kesho ana mzigo wa samaki, anateremka upande wa Ziwa Rukwa. "Basi ukifika Chunya irudishe kile kipini mahali pake, na nunua jeti mpya. Ukishuka Rukwa hivi ilivyo, na mzigo, na jua lile, utaunguza pistoni. Na hiyo pikipiki yako au ya mkataba?"

"Ya mkataba, mzee."

Wasomaji wa mijini huenda hamjui uzito wa jibu hilo. Pikipiki ya mkataba ni mali ya tajiri. Kijana anapeleka hesabu kila wiki, na akimaliza miezi ya mkataba ndipo inakuwa yake. Injini ikifa katikati, tajiri hataki kusikia habari za hewa nyepesi. Anataka hesabu yake. Kijana anarudi kutembea kwa miguu na miezi yote aliyolipa imekwenda na maji. Kwa hiyo ile sindano ya kushonea aliyoingiza kwenye jeti ilikuwa imeingia kwenye maisha yake mwenyewe.

Tukaanza kushuka. Mzee akaweka gia ile ile aliyopandia, mguu hakuulaza kwenye breki. Tukapita Lwanjilo, ambayo ni nusu ya safari, sweta moja nikavua. Tukapita Chalangwa, nikavua la pili. Misonobari ikaisha, miombo ikaanza, hewa ikawa nzito na ya moto, na Pijo ikabadilika sauti. Ilikuwa kama mtu aliyevuliwa koti zito. Mzee akanionyesha kwa kidole sikioni: sikiliza. Kwenye mteremko, kila akiachia mafuta, ekzosi ilikuwa inapiga vijibomu vidogo, pa, pa. "Amerudi kwenye hewa yake," akasema.

Nikamwuliza kwa nini asiweke jeti ndogo kabisa ya kufaa kule juu, ili apande vizuri zaidi. Akasema alishajaribu ujanani. Alipanda kama ndege. Halafu akawa anazunguka Chunya na mzigo kwenye jua na injini ikaanza kugonga. Tangu hapo anaweka kwa ajili ya Mbeya na Chunya, ambako gari linashinda siku nzima, na kule juu, ambako linapita kwa nusu saa, anamalizia kwa gia na subira. Mlima unaupita tu, hukai juu yake.

Chunya yenyewe nilipoingia nilielewa kwa nini kabureta haijafa. Huko Dar utasikia kabureta ni mambo ya makumbusho. Huku, bodaboda nyingi bado zinayo. Pampu ndogo za petroli zinazovuta maji kwenye mashimo zinayo. Jenereta ya saluni inayo. Kila kijiwe cha mafundi kuna mtu ameinamia kitu kidogo cha aluminiamu, anakipuliza kwa mdomo kama mpiga filimbi.

Na mji huu mashine umezijua siku nyingi. Dhahabu ya Lupa ilianza kuvuta watu miaka ya 1920, na miaka ya 1930 ikawa vurugu, watu wa kila kabila na kila rangi, na mji wa Mbeya ukanenepa kwa kuhudumia huku. Mgodi mkubwa wa New Saza ulifungwa 1956 na mji ukapoa, ingawa wachimbaji wadogo hawakuondoka. Kila kilichokuja kutoka Mbeya kilipaswa kuvuka mlima: unga, chumvi, nondo, mafuta. Kila lori la petroli lililofika hapa lilikuwa limeshapatanishwa na mlima na fundi fulani ambaye hakuna kitabu kilichoandika jina lake.

Fundi mmoja wa pale, wa makamo, alinionyesha sanduku lake. Limejaa pistoni mbovu. Aliitoa moja ya pikipiki, akainyanyua juu, na kupitia katikati yake nikaona anga la Chunya. Tundu limetoboka kama la risasi. "Hii ilitengenezwa kule juu, ikateremka Rukwa na samaki," akasema. Nikahisi nywele za shingoni zimesimama, maana dakika chache kabla nilikuwa nimemwona yule kijana wa viazi amekaa kijiweni upande wa pili wa barabara, anakunywa soda, pikipiki inapoa.

Nikavuka barabara, nikamwuliza kama amesharudisha kile kipini. Akasema, "Bado kaka, inakwenda vizuri sana sasa hivi, acha kwanza." Kweli ilikuwa inakwenda vizuri. Hapo ndipo penye mtego: gari lenye njaa ya petroli linakuwa jepesi na tamu kabla halijafa. Nikamwita, nikampeleka kwa fundi, nikamwambia fundi amwonyeshe ile pistoni. Kijana aliingiza kidole kwenye tundu, akakitoa, akakiangalia. Hakusema kitu. Akaenda kuichukua pikipiki akaisukuma mpaka kwa fundi, na jeti mpya ikafungwa pale pale.

Ukienda Chunya, na nakushauri uende, mambo machache ya kuweka akilini. Kama gari lako ni la EFI, kompyuta itapunguza mafuta yenyewe, lakini nguvu utapoteza tu, hewa haina ujanja. Hakikisha kifuniko cha rejeta ni kizima. Kama una kabureta, beba spana ya plagi, na usome plagi yako ukiwa umetoka kwenye mzigo: nyeusi ya masizi, petroli imezidi, kahawia kama biskuti, uko salama, nyeupe kama chokaa, simama, unaunguza injini. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Na ukiambiwa na mtu wa kijiweni kwamba kabureta kubwa ndiyo dawa ya mlima, mwulize anakaa mita ngapi.

Mafundi wanaojua haya wanazeeka, na vijana wanaojifunza leo wanajifunza kompyuta, sawa kabisa, dunia inakwenda huko. Ila pikipiki za mkataba zitaendelea kuvuka mlima ule kwa miaka mingi bado, na kila moja imebeba miezi ya jasho la mtu. Anayejua tofauti ya 125 na 130 bado ana kazi ya kufanya Chunya. Ukimkuta kaa naye, mnunulie chai, umwombe akufundishe. Tukutane wiki ijayo.